Bi Tanuri na Serikali Isiyo na Meno

Mtaani walimwita Bi Tanuri, na jina hilo lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa na tanuri la mikate nyuma ya karakana ya reli, tanuri alilolijenga yeye na mumewe, tofali kwa tofali. Ya pili ni kwamba ukimkaribia vibaya, unaungua. Mama yake alizoea kusema kwamba binti huyu alizaliwa amekunja uso, na mkunga alipompiga kofi ili alie, yeye alimkodolea macho kama mtu anayedai maelezo.

Lakini hasira iliyomfikisha kwenye Bunge la Katiba hakuzaliwa nayo. Hiyo aliletewa nyumbani, asubuhi, na watu wenye nyundo.

Ilikuwa bado enzi ya serikali ya zamani. Kila jambo, kuanzia bei ya chumvi hadi saa ya kufunga maduka, liliamuliwa na Gavana katika mji mkuu, mwendo wa siku nzima kwa treni. Mafundi wa karakana waligoma. Hawakuchoma kitu, hawakumgusa mtu. Waliweka spana chini wakakaa. Gavana, badala ya kuzungumza nao, akatoa amri: mtaa wote wa reli usiuziwe chakula wala kuokewa mkate mpaka wagomaji warudi kazini. Gavana huyo hakuwahi kukanyaga mtaa ule. Hakujua una wazee wangapi wala watoto wangapi wa kunyonya. Alitia sahihi yake, kisha bila shaka akaenda kula chakula cha mchana.

Mume wa Bi Tanuri alikuwa mtu mpole, hata paka hajui kumfukuza. Alivumilia hadi aliposikia mtoto wa jirani analia kile kilio kikavu cha njaa, kisicho na machozi, upande wa pili wa ukuta. Alfajiri akaamka, akakanda unga, akawasha kuni.

"Moshi utaonekana," mkewe alimwambia.

"Uonekane. Moshi wa mkate si moshi wa vita."

Ukaonekana. Mikate ya kwanza ilikuwa bado haijaiva askari walipofika, na aliyewaongoza alikuwa Mkuu wa Kituo cha polisi cha pale pale mtaani. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa mteja wa kila asubuhi, mpenda mkate ulioungua kidogo pembeni, na mtoto wake wa kwanza alipokelewa na mikono ya Bi Tanuri siku ambayo mvua ilimzuia mkunga. Bi Tanuri alipomwona alishusha pumzi.

"Afadhali ni wewe," alimwambia. "Unatujua. Waambie hawa watoke."

Mkuu wa Kituo alitazama viatu vyake. "Mama, mimi sina uwezo. Amri imetoka juu."

Wakalivunja tanuri. Nyundo ilipopiga, joto lilitoka kwa kishindo kama mnyama aliyechomwa mkuki, na mikate iliyokuwa nusu mbichi ikamwagika sakafuni ikakanyagwa na mabuti. Mumewe wakampakia kwenye lori akiwa bado na unga hadi kwenye viwiko. Alifia kizuizini kabla ya mvua za mwaka ule kwisha. Wakasema ni homa. Mwili hawakuurudisha.

Bi Tanuri alikwenda kituoni kuuliza: amri imetoka juu. Alikwenda gerezani: amri imetoka juu. Alikwenda kwa mkuu wa wilaya, akasubiri kwenye benchi hadi miguu ikafa ganzi: amri, mama, imetoka juu. Alipanda ngazi zote za nchi ile, na kwenye kila ngazi alimkuta mtu mwenye kofia, kidole kimenyooka kuelekea dari. Huko juu kwenyewe hakufika. Watu wa aina yake hawakufika.

Mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa akifua nguo za watu, aliaga akaingia msituni kupigana. Akatoka huko miaka mingi baadaye akiwa na ndevu, kovu shingoni na jina la Kamanda. Gavana akapanda meli na masanduku yake. Bendera ikabadilishwa. Watu wakacheza barabarani mpaka viatu vikafunguka soli. Bi Tanuri hakucheza. Alikuwa anachanganya udongo wa kujenga tanuri jipya, na kila aliyepita kumwambia "tumeshinda" alimkabidhi ndoo akachote maji.

Siku moja Mkuu wa Kituo akaja dukani kwa Bi Tanuri. Sasa hakuwa na kofia. Alikuwa amestaafishwa, amekonda, shati limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Omba, kisha utoke."

"Mama, siku ile ningekataa, wangeniondoa jioni hiyo hiyo, wakaleta mwingine. Na huyo mwingine hata jina lako asingelijua."

Bi Tanuri akashika ule ubao mrefu wa kutolea mikate. Mzee yule aliuona, akaelewa, akatoka kinyumenyume huku wateja wakimpisha. Lakini maneno yake yalibaki. Bi Tanuri alibishana nayo kila alipokanda unga, akiupiga kwa ngumi zaidi kuliko ulivyohitaji. Wangemwondoa? Nani aliwapa uwezo wa kumwondoa? Mtu kazaliwa mtaa huu, kala mkate wa mtaa huu, mbona mtaa haukuwa na namna ya kumwambia: baki hapo hapo, kataa, na sisi tutasimama nawe? Aligundua kwamba alimchukia Gavana, ndiyo, lakini zaidi alikichukia kile kidole kilichonyooka juu. Gavana alikuwa mtu mmoja, angekufa. Kidole kingepata Gavana mwingine.

Kwa hiyo mtaa ulipoitwa kuchagua mjumbe wa Bunge la Katiba, alisimama mbele ya lango la karakana akasema, "Nitumeni mimi. Ila adabu sina, msije mkasema hamkuambiwa."

Fundi mmoja akajibu kutoka nyuma, "Adabu tulimtuma nayo mwalimu kwa mkuu wa wilaya, akarudi amezabwa makofi. Nenda wewe!" Wakacheka, wakamchagua.

Bunge lilikutana kwenye jumba la sinema la zamani, kwa kuwa ukumbi mwingine wa kuenea watu wote hao haukuwepo. Viti vilikuwa vimechanika na feni zilipiga kelele bila kuleta upepo. Ndani ya wiki chache ilidhihirika kwamba kuna pande mbili. Wa kwanza walitaka serikali kuu yenye nguvu: jeshi moja, sauti moja, amri moja. Kiongozi wao alikuwa Kamanda. Wa pili walitaka majimbo yabaki na nguvu zao, na serikali kuu iwe kama mratibu tu. Hao hawakuwa na kiongozi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hasira yake mwenyewe na hakutaka kuongozwa na mtu.

Siku moja Kamanda akatoa hoja yake. Alikuwa msemaji mzuri, na hakusema uongo.

"Sisi ni wachanga," alisema. "Mipaka yetu inatazamwa na fisi. Barabara zetu zimebomoka. Ugonjwa ukilipuka jimbo moja, nani atawaamuru wengine wapeleke dawa? Tutaanza kuombana kama majirani wanaoombana moto? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tupeni serikali yenye meno!"

Walimpigia makofi. Dada yake hakupiga.

Wakati wa mapumziko wawili hao walikutana kwenye ujia, karibu na dirisha la tiketi.

"Dada, usinipinge," Kamanda alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimezika watu kwa ajili ya nchi hii."

"Na mimi nimenyimwa hata wa kumzika."

"Ndiyo maana nakwambia! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unaniona mimi kama Gavana?"

"Wewe nakujua hadi ulivyokuwa ukilowesha mgongo wangu. Wewe si Gavana."

"Basi?"

"Basi utakaa milele? Hutakufa wewe? Akija mwingine baada yako akakuta meno yamekwisha kunolewa, atamng'ata nani? Mji mkuu? Ataanza na mtaa wangu!"

"Tutaweka sheria ya kumzuia."

"Gavana naye alikuwa na sheria. Kabati zima."

Kamanda akainua mikono kama mtu aliyeshindwa kufungua mlango. "Unataka nchi au unataka kulipiza kisasi?"

Hapo Bi Tanuri aliona weusi machoni. Angekuwa na ule ubao wa mikate, historia ya nchi ile ingeandikwa vingine. Alimwacha hapo, akaingia ukumbini, akaomba nafasi ya kusema, na mwenyekiti akampa, kwa hofu zaidi kuliko kwa utaratibu.

Hakuwa na hotuba. Alisimulia tu: moshi, Mkuu wa Kituo, viatu alivyovitazama, nyundo, lori. Kisha akaendelea kwa ukali. "Mnasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kweli. Lakini kukaba koo, mkono mmoja unatosha. Mimi sitaki serikali inayoweza kuzima matanuri ya nchi nzima kwa kalamu moja, hata kalamu hiyo aishike malaika. Hata aishike mdogo wangu huyu ninayempenda. Nataka siku amri mbaya ikitoka juu, huku chini awepo mtu mwenye haki ya kusema hapana, akalala kwake, akaamka kwake."

Kisha mfugaji mmoja wa nyanda za mbali akasimama, akaeleza jinsi walivyohamishwa mbali na maji yao kwa amri ya mtu ambaye hajawahi kumwona ng'ombe akinywa. Mwalimu wa milimani akaeleza jinsi shule yake ilivyofungwa kwa kufundisha kwa lugha ya wazazi wa watoto. Mchonga mawe akafuata, kisha mjane mwingine. Ilikuwa kana kwamba mtu amefungua bomba. Kila aliyesimama alikuwa na lori lake.

Kura zilipohesabiwa, upande wa Kamanda ulikuwa umeshindwa. Serikali kuu ingekuwepo, ingeongea na nchi za nje, ingelinda mpaka. Lakini ndani ya jimbo isingepeleka askari wala amri bila baraza la jimbo hilo kukubali. Wakamchagua Kamanda kuwa Mwenyekiti wa kwanza wa serikali hiyo, kwa heshima ya kovu lake. Alishukuru kwa ufupi. Nje alimwambia dada yake, "Mmenipa gari, injini mmeiweka nyumbani kwenu," akaondoka bila kuaga. Kwa muda mrefu hakuonekana tena akila mkate wa dada yake.

Kisha ukaja mwaka wa ukame.

Ngano yote ya Bi Tanuri ilitoka jimbo la milimani, ilisagwa huko huko, ikashushwa kwa malori. Mavuno yalipokuwa haba, baraza la milimani likaweka gogo barabarani: unga hautoki. Malori ya mtaa wa reli yakarudi matupu. Serikali kuu ikapiga simu, ikatuma ujumbe, ikasihi. Milimani wakajibu kwa upole kwamba wamesikia. Gogo likabaki.

Tanuri likapoa. Safari hii hakukuwa na nyundo. Bi Tanuri alikaa mbele yake akilitazama kama mgonjwa. Na foleni nje, wale wale waliomchagua, wakaanza kumsema waziwazi.

"Si ndiye aliyetupigania serikali isiyo na meno? Sasa na sisi tutatafunia nini?"

Alitoka akawatukana. Akarudi ndani akajitukana mwenyewe, kwa maneno yale yale. Kilichomuuma ni kwamba mwanamke aliyesema hivyo alikuwa mama wa yule mtoto aliyekuwa akilia upande wa pili wa ukuta, na alikuwa na haki.

Kamanda akaja siku hiyo. Alisimama mlangoni bila kukaribishwa.

"Nisingependa kusema nilisema," alisema.

"Basi usiseme."

"Nilisema!"

"Toka dukani kwangu."

"Ningekuwa na uwezo niliouomba, gogo lile lingekuwa kuni tangu juzi."

"Na waliolilinda wangekuwa wapi? Kwenye lori?" Alimsogelea hadi wakapumuliana. "Acha kusimama hapo kama sanamu. Una gari la serikali, au nalo tulikunyima? Twende milimani."

Walisafiri wakiwa wamenuniana njia nzima. Dereva aliwasha redio, wote wawili wakamwambia azime.

Mkuu wa baraza la milimani alikuwa Mwenye Kinu, mtu mnene mwenye vumbi la unga hadi kwenye nyusi. Aliwapokea ndani ya kinu chake, ambacho upande mmoja ulikuwa kimya kwa sababu mhimili wa jiwe kubwa ulikuwa umevunjika. Aliwapa viti. Hakuwapa tumaini.

"Kwetu kwanza," alisema. "Nyie wenyewe mlisema jimbo lisiamriwe. Na wewe mama ndiye uliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwepo. Nilikupigia makofi."

"Nilisema msiamriwe!" Bi Tanuri alisimama, kiti kikaanguka. "Sikusema mgeuke mawe! Huko kwangu kuna watoto wanakunywa maji ya moto yenye chumvi wakidanganywa ni uji. Gavana alitufungia mkate kwa kalamu, wewe unatufungia kwa gogo. Njaa inajua tofauti?"

Mwenye Kinu naye akasimama. Uso ulikuwa umemwiva. "Usinifananishe na mtu yule! Unajua ghala zangu zilifagiliwa mara ngapi kulisha mji mkuu? Kwa amri! Tulibaki kula mizizi. Baba yangu alikufa ameshika gunia tupu, tulilazimika kumbandua vidole. Na leo unakuja na nani? Na Kamanda! Nitajuaje nyuma yake hakuna askari?"

Polepole Kamanda akafungua mkanda wa bastola yake ya zamani, ambayo alivaa kwa mazoea tu, akautupa juu ya magunia. "Nyuma yangu yupo dereva," alisema. "Naye ana njaa."

Mwenye Kinu akaguna, karibu acheke, akajizuia. Bi Tanuri aliinua kiti chake. Alimtazama yule mtu akamwona: hasira ile alikuwa akiijua, ilikuwa ya kwake mwenyewe, imevaa nguo za mtu mwingine.

Walibishana mpaka jua likaelekea kuzama. Mwishowe walipatana hivi: mafundi wa karakana ya reli wangepanda kuutengeneza ule mhimili, na milimani wangetoa sehemu ya unga, si wote, mpaka mavuno yajayo. Hakuna aliyefurahi. Mwenye Kinu alisema wamemkamua. Bi Tanuri akamwambia hata ng'ombe husema hivyo.

Malori yakashuka. Lakini yalichelewa kwa bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiwagawia wajukuu fungu lake kimyakimya na kusema ameshiba. Walimzika asubuhi ambayo tanuri liliwashwa tena. Bi Tanuri alitoka makaburini akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

"Andika hoja," alimwambia. "Barabara ya chakula isifungwe na jimbo lolote. Ukitokea ugomvi, uamuliwe na majimbo yasiyohusika."

"Na wakifunga? Nitawaondoa kwa kitu gani, kwa maombi? Nipe kikosi kidogo tu, dada. Cha barabara."

"Hapana."

"Bibi yule kafa!"

"Najua kafa! Nimemwosha mimi! Na wa kwangu aliuawa na kikosi. Usinitupie maiti, mdogo wangu, ninazo za kutosha." Akavuta pumzi. "Wakifunga, majimbo mengine yote yaache kufanya biashara nao. Waone nani atawauzia chumvi."

Kamanda alipinga siku nyingi, nyumbani na bungeni. Lakini hatimaye aliileta hoja hiyo bila kikosi, na ikapita kwa shida, baada ya Mwenye Kinu kuiunga mkono huku akilalamika kwamba anajifunga kamba mwenyewe.

Nchi ile haikuwa rahisi kuiendesha. Mambo yalikwenda kwa kusukumana, na mengine hayakwenda kabisa. Muhula wake ulipoisha, Kamanda alikabidhi ofisi akarudi mtaani kufuga kuku, na kila Jumapili alikuja kwa dada yake kulalamika juu ya daraja ambalo majimbo mawili yalishindwa kukubaliana nani apake rangi.

"Serikali yenye meno ingelipaka kwa siku moja," alisema, akimega mkate.

"Kwa rangi inayoitaka yenyewe," Bi Tanuri alimjibu, hasira imempanda tayari. "Na ungekuwa umesimama hapa unaniambia amri imetoka juu. Ongeza chai, unywe, unipishe nifagie."